Upande wa Pili wa Steinvör

Tórshavn, 11 Mei 1998

Mdogo wangu Hallbera,

Salamu kutoka huku kwenye mvua. Sisi wazima. Wifi yako Marjun yuko kiwanda kilekile cha samaki, zamu ya asubuhi, na mwanangu Jógvan ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akiongea anapiga mluzi bila kutaka. Mimi nipo karakana ya meli. Mgongo unauma, lakini mgongo wa nani hauumi. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama bado mnawatoza watu pesa ili wawatazame nyangumi, halafu hamwaonjeshi hata kipande. Nikamwambia ndiyo. Alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Sasa nina swali moja, na unijibu bila kunizungusha.

Binamu Fjóla amenipigia simu. Anasema amekiona chombo cha baba, Steinvör, kikiingia gatini, si mara moja wala mbili, na aliyeshika usukani ni Hjalti. Baba amesimama nje, anawapungia watalii mkono kama mfalme mstaafu. Wewe unamjua baba. Mwaka ule alipoungua mkono aliendesha kwa mkono mmoja, hakumpa mtu usukani. Na chombo kile kina jina la mama. Tangu lini kimehamia kwa mtu wa kusini aliyekuja kwetu kuuza bima?

Simsemi vibaya mumeo. Nauliza tu. Nilimpigia baba, akasema hali ya hewa ni nzuri, akakata simu. Na kadi aliyomtumia Jógvan siku ya kuzaliwa ilikuwa na mwandiko wako, mpaka jina lake pale chini umelitia wewe. Kuna nini huko?

Kaka yako,
Eyvindur


Húsavík, 9 Juni 1998

Kaka Eyvindur,

Barua yako ilikaa juu ya friji muda mrefu kwa sababu sikuwa na nafasi hata ya kuchana nywele. Nisamehe. Theluji imebaki milimani tu. Kaburi la mama limeota majani vizuri, nimepanda yale maua ya njano aliyoyapenda. Svala wangu amefaulu kuogelea na anataka baiskeli. Mpe Jógvan busu la shangazi yake, na mama mkwe wako mwambie nyangumi akishaliwa hatazamwi tena kesho.

Jumapili ilikuwa Siku ya Mabaharia. Baba aliwapakia watoto wa mji bure kama kila mwaka, akawazungusha ghubani. Walikuwa wanakimbilia huku, mara kule, kelele tupu. Nikakukumbuka. Unakumbuka alivyokuwa akitusimamisha mimi na wewe upande wa pili, peke yetu, ili chombo kisilale? "Watoto wa chombo hawatazami, wanasawazisha." Wenzetu wote waliona nyangumi, sisi tuliona maji. Mwaka mmoja ulilia. Usikatae, nilikuwepo.

Kazi ni nyingi, asubuhi, mchana na jioni tuko majini. Sauti yangu imekwisha kwa kuwasemesha wageni. Nakunywa maziwa ya moto na asali, haisaidii kitu.

Kuhusu Fjóla: yeye ni msusi, na msusi asipokuwa na habari huzisuka mwenyewe. Hjalti anasaidia kukiingiza chombo gatini, kwani ni dhambi? Siku hizi gati limejaa. Baba mzima, anakula, anagombana na redio. Kadi niliandika mimi kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nakuomba jambo moja. Ukiwa na maswali, niandikie, usipige simu. Simu iko jikoni, na baba yuko jikoni.

Dada yako,
Hallbera


Tórshavn, 28 Juni 1998

Hallbera,

Hatujambo. Jógvan ameota jino. Marjun anakusalimu na amekutumia uzi wa sufu, utaupata kwa posta.

Kumbe yapo mambo ambayo baba hatakiwi kuyasikia. Ulidhani neno hilo litanipita?

Nimeongea tena na msusi wetu. Baba hajakanyaga dimbwi la maji moto pale bwawani tangu Pasaka. Miaka thelathini, kila asubuhi, amekaa mle ndani na mzee Ketill wakibishana juu ya samaki na serikali, na leo hayumo. Ketill alikuuliza, ukamjibu baba ana mafua. Mafua gani ya tangu Pasaka? Fjóla alikutana na baba dukani, akasimama mbele yake na kikapu chake, na baba akampita kana kwamba ni rafu ya sabuni. Binti wa dada yake mwenyewe. Mmemjaza nini kichwani mpaka awachukie watu wake?

Tena kuna Mjerumani mmoja alikuja kukatwa nywele pale kwa Fjóla, akasema safari ilikuwa nzuri ila mwongoza wageni hafungi mdomo, anaonyesha kila boya na kila jiwe. Siku hizi mnawaonyesha watu mawe? Nyangumi wameisha?

Sasa nasema wazi, usije ukasema sikukwambia. Mama amelala chini tangu Novemba, mimi niko mbali, na wewe na Hjalti mna mzee mmoja aliyevunjika moyo na chombo kimoja kizuri. Baba hapokei simu. Haandiki kwa mkono wake. Haonani na rafiki zake. Mtu hufichwa hivyo anapokuwa anatayarishiwa karatasi za kutia sahihi. Lisemwalo lipo, Hallbera.

Agosti nina likizo. Nitapanda meli nije nimwulize mwenyewe.

Eyvindur


Húsavík, 17 Julai 1998

Eyvindur,

Sote wazima. Uzi umefika, mwambie Marjun asante.

Hakuna karatasi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako lipo, limefungwa gatini, na mwezi wa nne lilipakwa rangi na huyo mtu wa kusini, kwa magoti yake, wakati wewe uko Tórshavn unasikiliza simu za Fjóla.

Agosti usije. Vyumba vyote tumewapangisha wageni, mimi na Hjalti tunalala sebuleni. Njoo msimu ukiisha, mwezi wa kumi. Tutakaa, tutasema yote. Usiniulize kwa nini. Nakuomba kwa jina la mama, usije sasa.

Hallbera


Tórshavn, 16 Agosti 1998

Hallbera,

Huku wazima. Nilikuja.

Ukimwambia mtu kama mimi asije, umemkatia tiketi. Nilipanda meli mpaka Seyðisfjörður, kisha basi, nikalala kwenye nyumba ya wageni kule juu karibu na shule, na asubuhi ya tarehe nane nikasimama kwenye foleni ya Steinvör pamoja na Waitaliano. Msichana wa tiketi simjui, nikamsemesha Kidenmarki. Nina ndevu sasa, nimezifuga tangu mazishi, nilivaa miwani ya jua na kofia mpaka kwenye nyusi. Ovaroli ulinipa wewe mwenyewe. Ukaniambia, "Funga zipu mpaka juu, bwana, huko nje kuna baridi." Hukunitazama. Macho yako yote yalikuwa kwenye chumba cha usukani. Nikasema moyoni, leo leo, nimewakamata.

Hjalti ndiye aliyetutoa gatini, kama Fjóla alivyosema. Nilikuwa nimeshaanza kuyapanga matusi. Tulipolivuka jiwe la mwisho la bandari akatoka, baba akaingia. Alipapasa fremu ya mlango kwanza. Hjalti akateremka kwenye injini, na baba akashika usukani kama baba. Nikachanganyikiwa. Mwizi gani anayerudisha?

Ghuba ilikuwa shwari, unakumbuka. Ukawaeleza wageni kama kawaida kwamba chombo ni uso wa saa, omo kule mbele ni kumi na mbili, kulia tatu, tezi kule nyuma sita, kushoto tisa, ukiita namba watazame huko. Kisha ukaita, "Tisa!" Watu arobaini wakakimbilia kushoto, na miguu yangu ikanipeleka kulia. Mazoea mabaya ya utotoni. Nikabaki peke yangu nikiyatazama maji matupu, nao nyuma yangu wanaushangilia mkia. Sikuuona. Ndivyo nilivyopata nafasi ya kumtazama baba dirishani. Mkia ulikuwa upande wa pili, naye hakugeukia mkia. Sikio lake lilikuwa kwenye ile spika ya kipaza sauti chako, ambayo zamani ilitazama sitaha na sasa imegeuzwa inatazama dirisha lake. Halafu akauelekeza uso kwangu, akakaa hivyo. Nikainamisha kofia. Hakunitambua.

Kuanzia hapo niliacha kutazama bahari, nikawa nakusikiliza. "Boya jekundu, kumi na moja." "Gogo linaelea, moja." "Ndege wengi wa lundi, kumi na mbili, bado mbali." Wageni wanapiga picha za boya. Na kila unapotaja namba, chombo kinasogea kidogo.

Kisha kikohozi kikakushika. Uliinama juu ya paa la chumba cha usukani unakohoa, chokoleti ya moto inagawiwa chini, watu wanakula mikate yao ya mdalasini, na Steinvör inakwenda moja kwa moja. Mimi nilikuwa karibu na omo. Nikaona mashua ndogo ya kijani. Nikamwona na mtu ndani yake, ameinama anavuta mshipi. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, Hallbera. Nilikuwa nimejificha muda mrefu mno kuweza kupiga kelele. Wewe ndiye uliyepasua sauti, "Kumi na mbili! Kumi na mbili, karibu!" Wageni wote wakaja mbio kumwona nyangumi, wakamkuta mzee Ketill amesimama na ngumi juu, anatutukania mababu. Baba alikata kulia. Tulimpita karibu kiasi kwamba nilimwona chewa aliyekuwa mkononi mwake. Mwitaliano mmoja akaniuliza kama yule mzee ni sehemu ya maonyesho.

Baba haoni. Unajua wewe na anajua Hjalti. Barua zote hizi umenizungusha na maziwa yako na asali.

Nilishuka wa kwanza. Sikumsalimu baba. Ningemsalimu ningesema, na nikisema pale gatini mji wote ungesikia. Jioni ileile nikapanda basi.

Nilikuja kutafuta mwizi. Afadhali ningempata. Watu arobaini, Hallbera, na watoto humo ndani. Mwambie baba aache usukani. Usipomwambia, nitaiandikia ofisi ya bandari. Ni baba yangu, na mkono utakuwa mzito, lakini nitaandika.

Eyvindur


Húsavík, 30 Agosti 1998

Eyvindur,

Salamu utazipata mwisho, zikibaki.

Tarehe nane, Steinvör ilipofungwa baada ya safari ya asubuhi, baba alisimama sitahani mpaka mgeni wa mwisho akashuka. Alikuwa kama anangoja kitu. Kisha akaitundika kofia yake kwenye ule msumari alioupigilia mama, akampa Hjalti funguo, akamwambia, "Za mchana ni zako, na za kesho." Basi. Akaniomba taulo na nimshike mkono twende bwawani. Mle dimbwini mlikuwa mmejaa, na Ketill ndiyo kwanza anaingia, bado amevimba kwa hasira. Baba akasema mbele ya wote, "Mimi sioni. Wewe Ketill leo nusura nikuue. Na kuanzia sasa anayenipita aseme jina lake, asiposema asiseme nimemdharau." Ketill akazama mpaka kidevuni. Baadaye akamkwangua mgongo kama zamani.

Nilifurahi, lakini usiku sikulala. Nilijua kuna mtu amempelekea maneno. Mzee aliyenisihi tangu Machi hawezi kubadilika kati ya staftahi na chakula cha mchana. Nikamshuku Hjalti, nikamtesa mume wangu kwa maswali siku nyingi. Nikamshuku msichana wa tiketi. Halafu barua yako ikafika, nikakaa kwenye ngazi na koti langu. Ulisimama mbele yangu, nikakupa ovaroli, na ukaniacha nikuite bwana.

Unataka yote, haya. Machi nilimpeleka kwa daktari wa macho Akureyri. Anaona pembeni, katikati kuna doa jeusi. Sura hazioni, hasomi. Daktari alisema usukani basi. Kurudi nyumbani, tulipofika juu mlimani, akasema, "Msimu mmoja, Hallbera. Wewe utakuwa macho." Nikakubali. Mama alikuwa amekufa majira ya baridi yaleyale. Nilikuwa namsikia alfajiri anaamka, anavaa viatu, anakaa kitandani na viatu miguuni, hana pa kwenda. Ningemnyang'anya na usukani? Wewe ulikuwa wapi wa kunisaidia kumwambia? Ungenijibu kwamba namwibia. Ulinijibu hivyo hata kabla sijasema.

Najua nilikosea. Naota ile mashua ya kijani kila nikifumba macho. Huna haja ya kunihubiria watu arobaini, mimi ndiye niliyewahesabu kila asubuhi.

Lakini niambie ulimwambia nani. Ofisi ya bandari? Fjóla? Au ulimnong'oneza baba mwenyewe pale dirishani? Mwanamume anayepanda chombo cha baba yake kwa kujificha anaweza lolote. Nimemwuliza baba kilichotokea, ananijibu hali ya hewa ni nzuri.

Salamu kwa Marjun na mtoto. Kwako bado.

Hallbera


Tórshavn, 13 Septemba 1998

Hallbera,

Sote wazima, Marjun anakusalimu na amenifokea kwa niaba yako.

Sikumwambia mtu. Naapa kwa kaburi la mama, na maua yako yaliyo juu yake. Niliongea na msichana wa tiketi, Mwitaliano, na dereva wa basi. Fjóla hata leo hajui kwamba nilikuja. Dirishani sikufika.

Mambo ya karatasi nilikosea. Kwa Hjalti pia. Mwambie, au niachie nimwambie mwenyewe.

Mwulize baba tena. Na safari hii nitaje jina.

Eyvindur


Húsavík, 11 Oktoba 1998

Kaka Eyvindur,

Theluji ya kwanza ilianguka jana, ikayeyuka. Steinvör tumeipandisha nchi kavu, Hjalti anaikwangua chini, na anasema salamu zako amezipokea lakini bima hakuuzii. Svala ana baiskeli na goti lililochubuka. Sauti yangu imerudi, Hjalti anadai alikuwa ameizoea ilivyokuwa.

Nilimwuliza. Tulikuwa tunakula samaki mkavu na siagi, redio imezimwa. Nikamwambia, baba, tarehe nane Eyvindur alikuwamo chomboni.

Akasema, "Najua. Kwani na wewe ulikuwa huoni?"

Nikamwuliza amejuaje, na sura hazioni. Nakuandikia alivyonijibu, na nimemsomea kabla sijafunga bahasha. Amesema nisipunguze neno.

"Uliita tisa. Nikasikia viatu vyote vinakimbilia kushoto, na jozi moja inakwenda kulia, taratibu. Hakuna mgeni anayelipia safari ile halafu akaenda kulia. Hjalti alikuwa kwenye injini. Watu niliowafundisha kwenda kulia ni wawili tu, na mmoja alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Nikafurahi. Nikasema kijana amekuja, anataka kunishtua gatini. Nikamgeuzia uso ajue nimemjua. Akanyamaza. Hata tulipomkosa Ketill nilisema moyoni, sasa atakuja, ataniwekea mkono begani, aniambie baba, toka. Ningetoka. Nikasimama sitahani kumngoja, maana mtoto wa chombo hushuka wa mwisho. Yeye alishuka wa kwanza. Nilivisikia vile viatu vinapanda gati, havikusita. Nikasema, basi, ikiwa mwanangu amenitazama safari nzima na hakuweza hata kunisalimia, mimi ni mbovu kuliko alivyosema daktari."

Hapo akaomba kahawa.

Anataka mje Krismasi, nyote watatu, na mama mkwe kama ataweza kukaa bila kuwaonja nyangumi. Atakuja mwenyewe kukupokea. Ila anasema itabidi wewe utangulie kusema jina lako.

Dada yako,
Hallbera